Uaminifu na Shaka

Uaminifu ni sifa ambayo kila mtu huitaka kwa mwenzake, walakini si kila mtu awezaye kustahimili kuwa na deni lake. Mtu akitendewa jambo dogo hushukuru. Akitendewa kubwa hushukuru zaidi. Bali akitendewa kubwa mno, hata asiweze kulilipa, aghalabu shukrani yake hugeuka ikawa woga, na woga ukakaa moyoni ukazaa shaka. Mtenda wema haoni mabadiliko haya. Yeye huhesabu matendo yake kama mkulima ahesabuye magunia ghalani, akidhani kwamba kila gunia ni akiba ya siku ya njaa. Hajui kuwa mtendewa naye anahesabu, ila hesabu yake ni nyingine: anahesabu nguvu za mtu ambaye siku moja aweza kumgeukia.

Swali la insha hii ni hili. Mtumishi aliyemtumikia bwana wake kwa moyo, kisha akatambua kwamba bwana huyo anamwogopa, ana wajibu gani? Akae au aondoke? Avumilie au ajikinge kwa silaha? Na bwana je, ana haki ya kumwadhibu mtu kwa kosa ambalo bado hajalitenda? Maswali ya namna hii hayajibiwi vema hewani. Yanataka mtu na mahali. Nimechagua Uchina ya kale, yapata miaka 2,200 iliyopita, na jemadari aliyeitwa Han Xin, kwa sababu kisa chake kiliandikwa kwa urefu na mwandishi stadi, tena kwa sababu ndani yake hamna malaika wala shetani. Wote ni watu.

Mwaka 221 K.K. dola ya Qin ilizikusanya chini ya mkono mmoja falme za Uchina zilizokuwa zikipigana kwa karne nyingi. Umoja huo haukudumu. Sheria zilikuwa kali, kazi za shokoa zilikuwa nyingi, na mwaka 209 K.K. watu wakaanza kuasi. Dola ilipoanguka, wagombea wakuu wa urithi wake walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Xiang Yu, mzaliwa wa ukoo wa majemadari, mpiganaji asiye na kifani. Wa pili alikuwa Liu Bang, mtoto wa mkulima aliyewahi kuwa ofisa mdogo kijijini, mpenda pombe na mwepesi wa matusi, lakini mwenye kipawa adimu cha kusikiliza shauri jema hata likitoka kwa mtu asiyempenda. Vita vyao vilidumu tangu mwaka 206 hata 202 K.K. Liu Bang alishinda, akawa kaizari wa kwanza wa ukoo wa Han, na ukoo huo ulitawala, pamoja na pengo moja katikati, kwa muda wa miaka 400 hivi. Hata leo Wachina walio wengi hujiita watu wa Han.

Mtu aliyemshindia vita hivyo alikuwa Han Xin, naye alitoka chini zaidi kuliko bwana wake. Alizaliwa Huaiyin, akawa maskini hata hakuwa na chakula cha uhakika. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua nguo mtoni alimwonea huruma akamlisha kwa siku nyingi. Kijana mmoja mjeuri wa mji huo alimzuia njiani akamwambia amchome upanga kama ana ushujaa, au la, apite kwa kutambaa kati ya miguu yake. Han Xin alimtazama sana, kisha akainama akatambaa, na soko zima likamcheka. Wengi walimwita mwoga. Mimi naona kwamba siku ile alionyesha jambo ambalo baadaye lilimkosa alipolihitaji zaidi: alijua kwamba heshima ya leo si kitu mbele ya kazi ya kesho.

Alianza kwa kumtumikia Xiang Yu, ambaye hakuyasikiliza mashauri yake. Akahamia kwa Liu Bang, na huko nako akapewa cheo kidogo cha kusimamia nafaka. Mtu mmoja tu alimtambua, naye ni Xiao He, waziri wa Liu Bang. Maofisa wengi walikuwa wakitoroka wakati ule, na Han Xin alipoona hapandishwi naye akatoroka. Xiao He aliposikia hakungoja hata kumwarifu mfalme, alimfuata mbio. Mfalme akaambiwa kwamba waziri wake pia ametoroka, akawa kama mtu aliyekatwa mikono yote miwili. Baada ya siku moja au mbili Xiao He akarudi. Mfalme akamkemea, akamwuliza kwa nini wametoroka maofisa wengi asimfuate hata mmoja, ila huyu. Xiao He akajibu kuwa maofisa hupatikana kwa urahisi, lakini mtu kama Han Xin hakuna wa pili nchini. Ikatengenezwa madhabahu, siku njema ikachaguliwa, na mtu ambaye jeshi halikumjua akatangazwa kuwa jemadari mkuu. Msomaji aliweke moyoni jina la Xiao He, maana tutakutana naye tena mlangoni pa mauti.

Sina haja ya kueleza vita vyote. Kimoja chatosha. Katika njia nyembamba ya milima ya Jingxing Han Xin alikabili jeshi la ufalme wa Zhao lililokuwa kubwa kuliko lake. Usiku alituma wapanda farasi 2,000 wajifiche mlimani, kila mmoja na bendera nyekundu. Kulipopambazuka akapanga askari wengine wapatao 10,000 huku mto ukiwa nyuma yao. Adui wakacheka, maana kila kitabu cha vita kilikataza jambo hilo: askari akishindwa hana pa kukimbilia. Wakatoka kambini mwao wote wawafukuze. Askari wa Han Xin, kwa kuwa hawakuwa na pa kukimbilia, wakapigana kama watu waliokwisha kufa. Kisha wale 2,000 wakaingia katika kambi iliyoachwa tupu, wakang'oa bendera za Zhao na kusimamisha zao. Jeshi la Zhao lilipogeuka likaona kambi imejaa wekundu, likatawanyika. Kwa akili ya namna hii Han Xin aliteka upande wote wa kaskazini, ufalme baada ya ufalme.

Na sasa fitina yaanza. Lakini haikuanza kwa mwovu. Ilianza kwa mfalme aliyeshindwa. Liu Bang alikuwa akipigwa na Xiang Yu mara kwa mara wakati jemadari wake akishinda. Alfajiri moja, akiwa amekimbia na mtu mmoja tu garini, alifika katika kambi ya Han Xin, akajiita mjumbe wa mfalme, akaingia hata chumba cha kulala jemadari akiwa bado usingizini, akachukua mihuri ya amri na kuwabadilisha maofisa. Han Xin alipoamka hakuwa na jeshi. Alipewa amri ya kukusanya jingine na kuendelea na safari ya vita. Fikiri: ni mfalme gani aingiaye kama mwizi katika hema ya mtumishi wake, ila yule ambaye moyoni amekwisha kumhukumu?

Walakini Han Xin naye hakuwa bila lawama. Alipokuwa njiani kwenda kuteka Qi alipata habari kwamba mjumbe wa Liu Bang, mzee aitwaye Li Yiji, amekwisha kuishawishi nchi hiyo isalimu amri kwa maneno matupu. Han Xin alitaka kusimama. Mshauri wake Kuai Tong akamwuliza kama si aibu jemadari wa miaka mingi ashindwe na ulimi wa mzee mmoja. Neno hilo lilimwuma. Akavamia nchi iliyokuwa imekwisha kulegea, akaishinda. Na mfalme wa Qi, akidhani amedanganywa, akamtupa mzee Li Yiji katika chungu cha maji ya moto. Mtu asiye na hatia alikufa ili sifa ya jemadari isipungue. Kisha Han Xin akatuma barua kwa Liu Bang akiomba afanywe mfalme wa muda wa Qi, eti kwa sababu watu wa huko ni wagumu kutawalika. Barua ilifika Liu Bang akiwa amezingirwa na adui. Akaanza kutukana. Washauri wake wawili, Zhang Liang na Chen Ping, wakamkanyaga mguu na kumnong'oneza kwamba huu si wakati wa kukataa. Mfalme akaelewa papo hapo, akaendelea kutukana lakini kwa maana nyingine: akasema mwanamume akishinda nchi huwa mfalme kamili, ya nini kuwa mfalme wa muda? Muhuri ukapelekwa. Watu wakashangilia. Ule mguu uliokanyagwa haukusahau.

Hapo ndipo Kuai Tong alipomwendea Han Xin na shauri lililo kiini cha insha hii. Alijifanya mtabiri wa maumbile ya mwili. Akasema uso wa jemadari waonyesha cheo cha wastani na hatari nyingi, lakini mgongo wake waonyesha utukufu usioelezeka. Fumbo hilo likimaanisha ampe bwana wake mgongo. Kisha akaacha mafumbo. Mizani ya dunia, alisema, sasa imo mkononi mwa Han Xin. Akimwelekea Liu Bang, Liu Bang atashinda. Akimwelekea Xiang Yu, Xiang Yu atashinda. Akisimama peke yake, nchi itagawanyika mafungu matatu na yeye atakuwa na fungu lake. Kama hataki, na ajue kwamba mtu ambaye uhodari wake unamtetemesha bwana wake yumo hatarini, na mtu ambaye kazi yake imeifunika dunia hapati ujira, kwa kuwa hakuna ujira wa kutosha. Akamkumbusha waziri wa kale wa Yue, Wen Zhong, aliyeuokoa ufalme wa bwana wake kisha akaamriwa ajiue.

Han Xin alikataa. Alisema Liu Bang alimpandisha katika gari lake, akamvika nguo zake, akamlisha chakula chake. Na mtu aliyekula chakula cha mwenzake hawezi kumwacha kwa ajili ya faida. Siku chache baadaye Kuai Tong alirudi akamsihi tena. Han Xin akasitasita, kisha akakataa tena. Kuai Tong, kwa kuogopa kwamba maneno yake yatavuja, akajifanya mwendawazimu.

Wasomaji wengi wa kisa hiki husema kwamba Han Xin alikuwa mpumbavu, maana yote aliyotabiriwa yalimpata. Sikubaliani nao. Wanachanganya mambo mawili yasiyofanana. Kuai Tong alisema kweli juu ya yatakayotokea. Lakini kujua yatakayotokea si kujua yapasayo kutendwa. Je, mtoto ambaye anajua kwamba mzazi wake mgonjwa hatapona aache kumwuguza? Tena lile shauri la kuigawa nchi mafungu matatu lilikuwa na bei ambayo Kuai Tong hakuitaja: miaka mingine mingi ya vita kwa wakulima waliokwisha kuchoka kuwazika watoto wao. Han Xin alipokataa, alikataa kwa niaba yao pia, hata kama hakuwafikiria.

Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Mwandishi wa historia, Sima Qian, aeleza sababu mbili za kukataa kwake. Ya kwanza ni shukrani. Ya pili ni kwamba Han Xin alidhani kazi aliyoitenda ni kubwa mno hata Liu Bang hataweza kumnyang'anya Qi. Sababu ya kwanza ni uaminifu. Ya pili ni biashara. Na mtu akiuchanganya uaminifu wake na biashara, yule anayeaminiwa huona biashara tu, kwa maana ndiyo iliyo wazi zaidi. Mwaka 202 K.K. Liu Bang alimwita aje kwa vita vya mwisho, na Han Xin hakuja mpaka alipoahidiwa mipaka ya ardhi yake. Alipokuja alishinda, Xiang Yu akajiua, na amani ikapatikana. Lakini mtu aliyengoja bei wakati wa dhiki angewezaje kusema baadaye kwamba alitumikia kwa upendo? Yamkini upendo ulikuwapo kweli. Alikuwa ameuficha mwenyewe chini ya hati ya mashamba.

Mara baada ya ushindi kaizari mpya aliingia tena ghafula katika kambi yake na kuchukua jeshi lake, mara ya pili. Akamhamisha kutoka Qi akamfanya mfalme wa Chu, nchi yake ya kuzaliwa. Han Xin alirudi kwao kwa fahari. Alimtafuta yule mwanamke mfuaji akampa vipande 1,000 vya dhahabu. Alimwita yule kijana mjeuri, ambaye bila shaka alikuja magoti yakigongana, akamfanya ofisa. Haya ni matendo ya mtu mwenye moyo mkubwa. Lakini nyumbani mwake alikuwa amemficha rafiki wa zamani, Zhongli Mei, aliyekuwa jemadari wa Xiang Yu, na kaizari alikuwa akimtafuta.

Mwaka 201 K.K. mtu mmoja alimshtaki Han Xin kwamba anataka kuasi. Majemadari wengine barazani walipiga kelele kwamba apigwe vita upesi. Wengi wao walikuwa wameonja uchungu wa kuwa wa pili nyuma yake. Chen Ping akauliza kwa upole kama askari wa kaizari ni bora kuliko wa Han Xin, na kama majemadari wa kaizari ni bora kuliko Han Xin. Jibu lilikuwa la, mara mbili. Basi, akasema, afadhali hila. Kaizari akatangaza safari ya matembezi katika maziwa ya Yunmeng, akawaita watawala wote waje kumlaki. Han Xin aliogopa. Akashauriwa kwamba akipeleka kichwa cha Zhongli Mei mambo yatatulia. Alikwenda kulizungumza jambo hili na rafiki yake mwenyewe. Zhongli Mei akamwambia kwamba leo akifa yeye, kesho atakufa Han Xin; akamwita mtu asiye na utu, akajiua. Han Xin akabeba kichwa cha mgeni wake akakipeleka kwa kaizari, naye kaizari akaamuru afungwe.

Kati ya yote aliyoyatenda, hili ndilo nionalo zito kuliko yote. Wengi waliokisoma kisa hiki hulipita kwa haraka kwa sababu wanakimbilia kifo chake. Mtu aliyekataa kumwacha bwana aliyempa chakula alimtoa rafiki aliyekula chakula chake. Alidhani ananunua usalama; alichonunua ni kamba ya mikono. Akiwa amefungwa alilalamika kwa msemo wa kale kwamba sungura wakiisha porini, mbwa wa kuwinda hupikwa. Msemo ni wa kweli. Ila siku ile mbwa alikuwa amesaidia kukoleza moto.

Hakuuawa wakati huo. Alisamehewa, akashushwa cheo, akakaa mji mkuu bila jeshi wala nchi. Akawa hafiki barazani, akijifanya mgonjwa, akiona haya kuhesabiwa sawa na watu aliokuwa akiwaamuru. Siku moja kaizari alimwuliza yeye mwenyewe angeweza kuongoza askari wangapi. Akamjibu hawazidi 100,000. Na wewe? Akasema kwake yeye, wakizidi ndiyo bora. Kaizari akacheka akauliza kwa nini basi yeye ndiye mfungwa. Han Xin akajibu kwamba kaizari hajui kuongoza askari, lakini anajua kuwaongoza viongozi wa askari. Jibu zuri, na la kweli. Lakini masikioni mwa mtu mwenye shaka nusu ya kwanza ndiyo inayobaki.

Mwaka 197 K.K. ofisa aitwaye Chen Xi aliasi kaskazini, kaizari akaenda kumpiga. Mwanzoni mwa mwaka 196 mdogo wa mtumishi mmoja, ambaye kaka yake alikuwa amefungwa na Han Xin na kungojea kuuawa, alimwendea Malkia Lü akashtaki kwamba Han Xin amepatana na Chen Xi kuvamia jumba la kifalme. Je, ilikuwa kweli? Sima Qian aliandika hata mazungumzo ya wale wawili walipopatana miaka ya nyuma. Asema Han Xin aliwaondosha watumishi, akamshika Chen Xi mkono, wakatembea uani peke yao. Kama watumishi waliondoshwa, na wawili hao wote waliuawa, maneno yao yalisikiwa na nani? Mwandishi hakuuliza swali hilo kwa sauti. Naye alikuwa na sababu ya kuogopa: katika mwaka 99 K.K. alimtetea barazani jemadari Li Ling aliyeshindwa vitani, na kwa utetezi huo kaizari wa wakati wake akamwadhibu kwa kumhasi. Mtu wa namna hiyo akiandika mambo ya baraza, yafaa msomaji asome pia yale aliyoyaacha bila kusema.

Malkia aliogopa kwamba akimwita Han Xin hatakuja. Akashauriana na waziri mkuu. Wakatunga habari kwamba mjumbe amewasili, Chen Xi amekufa, na wakubwa wote waje kutoa pongezi. Waziri mkuu akaenda mwenyewe kumwambia Han Xin kwamba ijapokuwa anaumwa, ajikaze afike. Waziri huyo alikuwa Xiao He, yule aliyemfuata mbio usiku na kumrudisha. Kwa mwingine Han Xin pengine asingetoka. Kwa huyu alitoka. Akaingia jumba la Changle, akakamatwa na kuuawa katika chumba cha kengele, na jamaa zake wakaangamizwa pamoja naye. Kaizari aliporudi na kusikia, imeandikwa kwamba alifurahi, tena akahuzunika.

Nani aliyemwua Han Xin? Malkia, atasema mmoja. Majivuno yake mwenyewe, atasema mwingine, na Sima Qian huelekea huko. Aliona kwamba kama jemadari angejifunza unyenyekevu, jina lake lingeheshimiwa kizazi hata kizazi. Sikatai kwamba alijivuna. Lakini majivuno ni ila, si hatia ya kuuawa, tena ukoo mzima haukujivuna. Mtetezi wa kaizari ana neno zito zaidi. Atasema: nchi imetoka katika vita, watu wamekufa wasiohesabika, na hapa pana mtu mmoja awezaye kuviwasha upya. Maisha ya mmoja ni nini mbele ya amani ya wote? Hoja hii si ya kudharauliwa, na ningekuwa mkulima wa wakati ule huenda ningeikubali.

Ila tuitazame kwa matunda yake. Katika mwaka ule ule wa 196 K.K. jemadari mwingine mkuu, Peng Yue, aliuawa kwa mashtaka ya uasi, na nyama yake ikatiwa chumvi ikapelekwa kwa watawala wote iwe onyo. Fungu moja lilimfikia Ying Bu, wa tatu katika majemadari walioshinda vita vya kaizari. Ying Bu alikuwa porini akiwinda. Alipoiona nyama ile aliingiwa na hofu, akaanza kukusanya askari kwa siri. Na muda si muda akaasi kweli, mtu ambaye pengine angezeeka katika starehe zake. Kaizari, mgonjwa na mzee, ikambidi aende vitani mwenyewe. Huko akapigwa na mshale, na mwaka uliofuata akafa. Hata Lu Wan, rafiki yake wa utotoni aliyezaliwa naye siku moja, kijiji kimoja, alikimbilia nchi ya maadui. Amani iliyotajwa kuwa sababu ya kuua haikupatikana kwa kuua. Shaka lilizaa uasi liliokuwa likiuogopa.

Na waziri je? Baada ya kifo cha Han Xin kaizari alimwongezea Xiao He cheo na nyumba 5,000 za kumlipa kodi, akampa na walinzi 500. Watu wakampongeza. Mkulima mmoja wa matikiti, Shao Ping, aliyekuwa mtu mkubwa zama za Qin, ndiye peke yake aliyempa pole. Akamwambia walinzi wale si heshima, wamewekwa kumchunga. Xiao He akakataa zawadi, akatoa mali yake kwa jeshi. Baadaye, Ying Bu alipoasi, mtu mwingine akamwonya kwamba watu wa mji mkuu wanampenda mno, na kwamba hilo ndilo kaizari analoliogopa. Dawa ni kujipaka matope: anunue mashamba ya watu kwa nguvu na kwa bei ya kudhulumu, wananchi wamnung'unikie. Xiao He, mtu mwadilifu aliyelisha majeshi miaka yote ya vita, akafanya hivyo. Kaizari aliporudi akapokea malalamiko ya wenye mashamba, akafurahi sana. Miaka 28 kabla yake Wang Jian, jemadari wa Qin, alipopewa askari 600,000 alimwomba mfalme wake mashamba na nyumba tena na tena akiwa njiani, ili aonekane mwenye tamaa ya mali wala si ya kiti cha enzi. Lakini Wang Jian aliomba ya mfalme. Xiao He alichukua ya maskini.

Haya ndiyo yanipayo taabu kuliko kifo chenyewe. Katika baraza la mfalme mwenye shaka mtu mwema hulazimika kuvaa uovu ili aishi, na wanaolipia vazi hilo ni watu ambao hawajawahi kufika barazani. Xiao He alipojaribu mara moja kulivua, akaomba ardhi tupu ya bustani ya kifalme wapewe wananchi wailime, kaizari akamtia pingu. Alifunguliwa baada ya siku chache, akaenda kumshukuru kaizari pekupeku.

Abaki mmoja, Kuai Tong. Kaizari alipoambiwa kwamba Han Xin alikufa akijutia kutolifuata shauri lake, aliamuru mshauri huyo atafutwe, akaletwa mbele yake kutoka Qi. Akaulizwa kama ni kweli alimfundisha Han Xin kuasi. Akakiri bila kusita, akaongeza kwamba kama Han Xin angemsikiliza, kaizari asingaliweza kumwangamiza. Ikatolewa amri apikwe. Kuai Tong akalia kwamba anadhulumiwa. Mbwa, alisema, humbwekea kila mtu asiye bwana wake, hata mtu huyo akiwa mwema; naye wakati ule alimjua Han Xin tu, hakumjua kaizari. Liu Bang akafikiri. Kisha akaamuru afunguliwe aende zake.